Mwaka wa Kaseti Nyeusi

Siku ya tatu ya msiba wa binamu yangu Swaleh, shangazi yangu, ambaye ndiye mamake marehemu, alinishika mkono mbele ya wanawake waliojaa sebuleni akawaambia, "Huyu ni Zuhura, mtoto wa ndugu yangu. Tulimsomesha sisi, hapa hapa." Wanawake wakanitazama kwa upole, na mmoja akasema Mungu awalipe kheri. Nikainamisha kichwa. Shangazi amekuwa mkongwe, macho yake yamefunikwa na utando, na sijui kama alikuwa akisema uongo au kama kweli ndivyo anavyokumbuka. Sikubisha, maana mtu habishani na mama aliyezika mwanawe. Lakini sikusoma katika nyumba ile. Nilikaa humo mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na sita, nikingoja nafasi katika shule ya wasichana ambayo Shangazi alikuwa ameahidi kuniombea, na nilichojifunza nilijifunza katika chumba cha juu, mbele ya televisheni iliyogeuka kijani upande mmoja, kutoka kwa kaseti mbili za gemu ambazo hata sikuruhusiwa kuzigusa.

Nyumba yenyewe iko Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu. Chini kuna jiko, katikati sebule na vyumba vya kulala, na juu kabisa chumba kimoja kirefu chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba unaweza kumpokeza sahani. Chumba hicho kilikuwa cha Swaleh. Mjomba wake alimletea mashine ya gemu kutoka Dubai, ya zile za zamani za kuchomeka kaseti, na kaseti zenyewe zilikuwa zimebanduka karatasi, kwa hivyo wavulana waliziita kwa rangi zake: Nyekundu na Nyeusi. Hazikuwa gemu za mbio wala za ngumi. Zilikuwa za safari. Kuna shujaa na wenzake watatu, mnatembea mji hadi mji, mnaongea na watu, mnanunua nguo na silaha, na mkikutana na adui mnapigana kwa zamu, kama watu wanaocheza bao. Unaposhinda unaongezeka daraja. Unahifadhi ulipofika kwenye jiwe la buluu, na kila mji una jiwe lake. Kila kaseti ilikuwa na nafasi tatu tu za kuhifadhi: moja ya Swaleh, moja ya rafiki yake Abudi aliyekaa nyumba ya pili, na moja ya Hamisi.

Hamisi alikuwa kijana wa Kidigo kutoka Likoni. Alisoma shule moja na Swaleh, darasa tofauti, na kila Jumamosi alivuka kwa feri akaja kwa miguu kutoka Feri mpaka kwetu, viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi. Viatu hivyo alivivua nje kabisa, barazani, ilhali Abudi alivua vyake ngazini. Shangazi alimwekea kikombe chake peke yake, cha bati lenye maua, kilichotundikwa kando ya vikombe vingine. Nilimsikia akimweleza jirani dirishani: "Ni mnyika, si mtu wa mji, lakini ana adabu. Hata hapandi mpaka aitwe." Kweli alikuwa hapandi mpaka aitwe. Alisimama chini akingoja, na Swaleh huko juu alimsikia amefika akanyamaza makusudi, wakati mwingine mpaka Abudi amalize zamu yake nzima, kisha ndipo akaita, "Wewe wa ng'ambo! Umezama au umefika?" Na Abudi akacheka. Kazi ya Abudi mwaka ule wote ilikuwa kucheka.

Mimi nilikuwa mpishi wao. Viazi vya karai, bajia, chatini ya ukwaju, sharubati. Nilipanda na sinia, nikaiweka chini nje ya pazia, nikagonga mlango kwa kidole, nikashuka. Ila sikushuka haraka. Nilikaa kwenye ngazi ya nne au ya tano na kusikiliza, kwa sababu walichokuwa wakifanya zaidi ya kucheza ni kubishana juu ya muziki. Swaleh alikuwa mtu wa Nyekundu. Alisema muziki wake una mifupa. Alipenda ngoma na tarumbeta za vitani, na alipenda sana kwamba shujaa akikaribia kufa, muziki wa vita unapanda sauti na kwenda mbio, na moyo wako unakwenda nao. "Hiyo Nyeusi yako," alimwambia Hamisi, "vita vyake vyalia kama mbu ndani ya kopo." Na Hamisi, aliyeketi sakafuni karibu na mlango ilhali wenzake wako kitandani, alijibu polepole kwa lafudhi ya kwao: "Vita ni sawa. Lakini Nyekundu ina wimbo mmoja kwa miji yote. Ukiingia mji wa wavuvi, wimbo huo. Ukiingia mji ulioungua, watu wafu njiani, wimbo huo huo, wachekacheka. Nyeusi kila mji una wake. Ukifumba macho wajua uko wapi." Swaleh akamwambia afumbe basi, na alipofumba akampiga kofi la kisogo. Abudi akacheka.

Nimezisikiliza tena nyimbo zile, sasa kwa kuwa kila kitu kimo kwenye simu, nikiwa jikoni kwangu Malindi na waya masikioni. Swaleh hakuwa amekosea kuhusu vita. Muziki wa vita wa Nyeusi ni mbaya, mwembamba, umefungwa haraka kama kifurushi cha mtu anayechelewa. Na tarumbeta za Nyekundu bado zinanisimamisha. Lakini Hamisi alisikia jambo ambalo sisi wengine tulikuwa bado hatujalisikia. Mashine ile iliweza kutoa sauti chache tu kwa wakati mmoja, kwa hivyo kila ulipobonyeza kitufe, mlio wa kitufe uliiba sauti moja kutoka kwenye wimbo. Ukitembea, filimbi inakatika. Ukifungua sanduku, besi inapotea. Ili usikie wimbo mzima ilikupasa usimame na usiguse chochote. Waliotunga Nyekundu hawakujali, walijaza kelele juu ya kelele. Waliotunga Nyeusi waliacha pengo ndani ya nyimbo zao, na mtu aliyesimama tu ndiye aliyepata kusikia kilichowekwa kwenye pengo hilo. Najua haya kwa sababu nilisimama.

Siku za shule wavulana walikuwa hawapo, na baada ya adhuhuri Shangazi alilala. Nilipanda juu na ufagio, nikapunguza sauti mpaka ikawa kidogo tu, nikawasha Nyeusi. Sikuthubutu kuigusa nafasi ya Swaleh, na ya Abudi ilikuwa imekwama mji wa pili tangu mwanzo wa mwaka. Nikafungua ya Hamisi. Sikutaka kumharibia. Nilijifunza vitufe, nikapigana na wadudu wadogo wa nyikani, nikamwongezea daraja moja, nikamrudisha kwenye jiwe lile lile alipokuwa, nikahifadhi, nikazima. Jumamosi nilikaa ngazini nikisikiliza. Nikamsikia akiwasha. Kisha akaendelea kucheza bila kusema neno.

Wiki iliyofuata nilipofungua nilikuta shujaa hakuachwa kwenye mji waliofika na wenzake. Alirudishwa nyuma, mpaka mji uliozama majini, mahali ambapo hapana duka wala adui wala faida yoyote, amesimama mbele ya jiwe. Nikaweka ufagio chini. Wimbo wa mji ule unaanza kwa noti tatu tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua, halafu unanyamaza kiasi kwamba unadhani umekwisha, halafu unajibiwa. Niliusikiliza mpaka Shangazi akakohoa chini. Nikampandisha Hamisi daraja mbili siku hiyo. Jumamosi ikaja na kupita, na Jumatatu nikamkuta amesimama kwenye mnara wa kengele, ambako wimbo wake ni mchangamfu na wa kipuuzi, nikacheka peke yangu mdomo nimeuziba kwa leso. Ikawa hivyo miezi. Mimi nilimpa nguvu, yeye aliniacha penye wimbo. Katika wale wenzake shujaa kulikuwa na msichana mmoja mganga, ambaye wavulana wote walimwacha na kijiti na nguo ya kijiji kwa sababu hapigani. Jumatatu moja nilimkuta amevishwa joho la fedha, nguo ya bei kubwa kuliko zote za dukani. Sina haja ya kueleza nilijisikiaje. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kazi yangu mchana ilikuwa kukuna nazi. Hatukuwa tumewahi kusemezana zaidi ya salamu kupitia pazia.

Jambo lililotuvunja lilikuwa ushindi. Karibu na mwisho wa Nyeusi kuna joka la majivu, na Swaleh, aliyekuwa na mashine siku zote saba, alishindwa nalo wiki baada ya wiki. Kisha Jumamosi moja Hamisi, mtu wa siku moja kwa wiki, alishika pedi ya vitufe akalipita. Nilikuwa ngazini na sinia ya viazi. Nikasikia muziki wa ushindi, halafu nikamsikia Swaleh akizima sauti ya televisheni.

"Una daraja gani wewe?"

"Arubaini na moja," Hamisi alisema.

"Mimi thelathini na sita. Mimi nakaa na hii gemu. Wewe waja Jumamosi, wapata saa mbili, na hata hizo mbili twagawana." Sauti yake ilikuwa ya upole, na wote tuliomjua tuliogopa upole wake. "Nieleze, Hamisi. Waingia nyumbani kwetu siku za wiki? Mamangu amelala, hapana mwanamume, yuko mtoto wa kike peke yake. Waingia?"

"La. Wallahi, Swaleh, siingii."

"Basi daraja zimetoka wapi? Abudi, twende tukamwite Mama."

Nilijua maana ya neno lile likimfikia Shangazi, na likitoka kwa Shangazi likafika kichochoroni. Hamisi asingekanyaga tena Mji wa Kale, na huenda angefuatwa Likoni na watu wenye fimbo. Sikufikiri sana. Nilisukuma pazia nikaingia, sinia bado mkononi. "Ni mimi," nikasema. "Ninacheza mimi nikija kufagia. Yeye hajaingia hata siku moja."

Wakanitazama. Abudi alisahau kucheka. Swaleh alinichukulia sinia kwa adabu kabisa, akaiweka kitandani, akachukua pedi kutoka kwa Hamisi akanipa. "Haya. Nafasi yangu hii. Joka hilo hapo. Tuone." Nikaketi sakafuni, nikajifunika vizuri, na mikono yangu ikatulia mara tu iliposhika vitufe. Nililiua joka kwa shujaa wa Swaleh wa daraja ya thelathini na sita. Haikuwa nguvu. Muziki wa vita wa Nyeusi, pamoja na ubaya wake, una mzunguko, na joka hupumua moto kila unapoanza upya. Ukisikiliza, wajua zamu ipi ya kujikinga. Nikaweka pedi chini. Na pale pale, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani nimeshinda. Nilidhani sasa watasogea kitandani na kunipa nafasi.

Swaleh alikuwa akitabasamu. "Kwa hivyo mwaka wote huu," alisema, "mumekuwa mukiandikiana barua ndani ya gemu yangu." Akamgeukia Hamisi. "Ulijua ni yeye?"

Hamisi hakunitazama. Alitazama pedi pale sakafuni. "Sikujua," akasema. "Nilidhani ni wewe."

"Mimi?"

"Nilidhani wanisaidia. Na mimi nikawa nakuachia penye nyimbo nzuri, uzisikie. Upate kukubali kwamba Nyeusi ni bora." Akaisogeza pedi kwa kidole. "Nilidhani ni wewe, Swaleh. Huyu hata simjui."

Abudi ndipo alipocheka, na safari hii alicheka mpaka akashika tumbo. Swaleh alingoja amalize. "Basi kama humjui," akamwambia Hamisi, "futa. Hiyo si yako, ni ya mpishi. Futa uanze yako." Nilifikiri Hamisi angesimama, angevaa viatu vyake barazani na kwenda zake. Aliichukua pedi. Akateremsha alama mpaka kwenye nafasi yake, akachagua kufuta. Gemu ikamuuliza kama ana hakika, kama zinavyouliza gemu zote, na akajibu ndiyo. Waliotunga Nyeusi, waliofikiria kila mji na kila pengo, hawakuwa wamefikiria mlio wa kufuta. Walitumia ule ule wa kufungua sanduku la zawadi.

"Zuhura," Swaleh akasema, "tuletee sharubati."

Aliniambia siku ile kwamba hatamwambia mamake. Wakati wa chakula cha jioni alimwambia, kama kisa cha kuchekesha, akiniiga jinsi nilivyoshika pedi. Shangazi hakunipiga wala hakupaza sauti. Alimega mkate, akauchovya kwenye mchuzi, akasema, "Nami nahangaika kumtafutia shule. Kumbe mwenyewe amejifundisha." Wiki hiyo tulikuwa twende kuonana na mwalimu mkuu. Nilivaa buibui, nikaketi sebuleni mpaka adhana ya alasiri, na Shangazi akapita mara mbili mbele yangu kama mtu anayepita mbele ya kiti. Mara ya tatu alisema, "Mbona umevaa? Vitunguu havijakatwa." Hatukwenda wiki hiyo wala nyingine, na neno shule halikutajwa tena. Chumba cha juu kikafungwa kwa kufuli siku za wiki, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Watu niliowahi kuwasimulia huniuliza kama Hamisi aliacha kuja. Hakuacha. Alikuja kila Jumamosi, akasimama chini mpaka aitwe, na mimi nikapanda na sinia nikagonga kwa kidole. Alianza safari upya kutoka kijiji cha kwanza, na mimi nikaisikia yote kupitia ukuta, mji kwa mji, kwa mpangilio ule ule. Alipofika mji uliozama alipita mbio, bila kusimama, filimbi ikakatika kwa kila hatua. Karibu na mwisho wa mwaka aliimaliza. Nyeusi ina wimbo wa mwisho ambao huusikii ila umeua adui wa mwisho, na hapo awali Swaleh alikuwa na desturi ya kuubeza, akisema bila shaka ni dhaifu. Siku hiyo niliwasikia wote watatu wamenyamaza. Nilikuwa jikoni, karai limejaa, mafuta yanachemka, na Shangazi amesimama nyuma yangu akisema viazi vitaungua. Sikusikia noti hata moja. Mwezi uliofuata nilirudishwa Malindi, na mwaka mwingine nikaolewa na mtu mwema, marehemu sasa, ambaye hakuwahi kuniuliza kwa nini sipendi kumsikia mtu akicheka ili kumfurahisha mwenzake.

Nikakua na kisa hiki kama nilivyokielewa siku ile: kwamba nilikuwa mjinga. Msichana aliyedhani anaandikiwa, kumbe barua zilikuwa za mwingine. Si kisa kizuri lakini mtu hukizoea. Nilifikia hata kumwonea huruma Hamisi, aliyempenda Swaleh kiasi cha kumwona kila mahali, na Swaleh asimwone popote.

Sasa Hamisi ni wakala wa mizigo Kilindini, ana magari, amejenga Kizingo. Wakati wa msiba ndiye aliyelipia maturubai na pilau, na alipopanda kumpa Shangazi mkono wa pole, yule mama alipapasa hewa akaamuru mtoto wake huyo apewe kiti cha marehemu. Nilipokuwa nikishuka na birika tupu alinifuata mpaka kwenye kona ya ngazi, akasimama ngazi mbili juu yangu. Ndevu zake zimekuwa nyeupe. Chini wanaume walikuwa wameanza kukaa kwa hitma.

"Zuhura," alisema, "kuna neno nataka kukwambia kabla sijafa nalo. Siku ile nilijua ni wewe."

Nikalihamisha birika mkono wa pili.

"Pedi ilikuwa na manjano. Kila Jumamosi, sinia haijapanda bado, vitufe vina manjano mapya ya jikoni. Swaleh hakuwahi kushika jiko maishani mwake." Akajaribu kutabasamu. "Lile joho nililinunua kwa ajili yako. Lakini ningesema kweli, angenifukuza, na mimi Jumamosi sikuwa na pengine pa kwenda. Wewe ulikuwa wa nyumbani. Nikajua hawatakufukuza."

"Na miaka yote hii?"

"Nilikuwa nikimwogopa Swaleh," akasema, mtu mzima mwenye wajukuu. "Haya, sasa ametangulia. Sote twamfuata. Nisamehe, Zuhura. Tusameheane."

Nilimtazama. Kwa hivyo sikuwa mjinga. Nilikuwa nimesoma sawasawa kila kitu nilichoandikiwa, mnara wa kengele, joho, noti tatu na jibu lake, na mtu mmoja duniani aliyelijua hilo alikuwa amekaa nalo hadi nimezika mume, hadi nywele zangu zimeisha weusi, kisha akanipa ngazini baina ya dua na pilau, ili yeye aende kulala vizuri.

"Hapana," nikasema.

Alidhani hakusikia. Akainama kidogo, mkono sikioni.

"Nimesema hapana, Hamisi."

Chini wakamwita, wanamngoja yeye waanze. Ngazi zile ni nyembamba. Nikasogea na birika langu mpaka mgongo ukagusa ukuta, ili apite, na alipita akiwa ameikusanya kanzu yake kwa mikono miwili, isiniguse.